Maganda ya Risasi Yaliyong'aa Mpaka Ndani

Orval na Tessa,

Nimekwenda kanisani kupika. Supu ya kulungu ipasheni moto. Maganda ya risasi yaliyo kwenye taulo bado yana maji, msiyatie baruti upya ~~leo~~ mpaka nirudi.

Mume wangu, usininunie. Ulisema, "Magunzi ya mahindi yaliyosagwa yametutosha kusafishia maganda miaka yote, hizo pini za Tessa ni mbwembwe tu." Kweli, magunzi yako yanang'arisha nje. Lakini yale Tessa aliyoyazungusha kwenye maji, sabuni, ndimu na pini za chuma yametoka kama pete mpya, mpaka ndani! Nimeyatazama, chai ikapoa.

Nikamulika tochi ndani ya moja. Kuna ufa mwembamba kama unywele, umezunguka karibu na kitako. Nikachukua moja ulilosafisha wewe kwa magunzi, nikakwangua masizi ya ndani kwa waya: ufa uleule, na nje lilikuwa linameremeta. Ungelijaza baruti, Jumamosi mawindoni lingempasukia Tessa, mjukuu wako, usoni.

Yenye ufa nimeyaponda kwa nyundo. Yako yote yaliyobaki, Orval, yaingie kwenye pini, na Tessa ndiye atakayekufundisha.

Tessa, nikirudi unikumbatie kwanza.

Bibi