Kimya cha Samiha

Makorora,
Tanga.
Jumatatu, 12 Mei 2025

Mpendwa kaka yangu Uweso,

Assalaam alaykum. Shikamoo kaka. U hali gani huko Tunduru? Kifua kimepoa, au bado vumbi la hiyo barabara mnayoijenga linakukohoza? Nakuombea kila baada ya alfajiri. Sisi huku wazima, ila mgongo wangu ndio kama unavyoujua, siku unanikumbuka, siku unanisahau. Masika mwaka huu imetunyeshea kweli, uwani maji yalituama mpaka bata wa jirani wakahamia kwetu.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu jambo hili simu hailiwezi. Kila nikikupigia, mtandao wa hapo kambini unakatika tukiwa bado kwenye salamu. Kaa chini kwanza ndipo uendelee kusoma. Hakuna aliyekufa, alhamdulillahi, lakini tangu juzi Jumamosi moyo wangu haujarudi mahali pake.

Ni habari ya mwanao Samiha.

Wajua tangu amalize chuo anatafuta kazi ya kuandika programu za kompyuta. Kutwa yuko chumbani na ile kompyuta kuukuu uliyomletea. Siku moja nilichungulia, kaka, nikatoka mbio. Kioo cheusi tii! Hakuna picha hata moja, maandishi matupu, na mengine mekundu kama damu. Nikasema yallah, mtoto kaingia kwa wale wezi wa mitandaoni! Nikasimama mlangoni nikamsomea Ayatul Kursiyyu kwa sauti. Alicheka mpaka akakaa chini.

Ndipo aliponieleza. Ile ni programu ya kufanyia mazoezi, haina mapambo wala vitufe vya kubonyeza. Unaiandikia neno la amri, inakutolea swali. Unaandika jibu lako, unaipa amri nyingine, nayo inalijaribu hilo jibu kwa mifano yake yenyewe. Umekosea, mstari mwekundu. Umepatia, mstari wa kijani. Haikusifu wala haikusuti. Na ukishayapakua maswali haili bando, hiyo ndiyo sababu anaipenda.

Mimi ilinikumbusha chuoni kwa maalim wetu wa Kurani. Unasoma, umekosea, rudi mwanzo, haitazamwi wewe mtoto wa nani. Basi nikawa nakaa naye nikichambua mchicha, yeye ananitafsiria maswali. Moja lilikuwa la kivuko kama kile cha Pangani: magari yana uzito mbalimbali, kivuko kinabeba kiasi fulani tu, utayavusha vipi kwa safari chache kuliko zote? Nikamwambia, "Wangoje, kivuko kitarudi." Akasema, "Shangazi, hilo jibu jekundu."

Sasa sikiliza. Jumamosi alasiri ndio ulikuwa mtihani wenyewe. Kampuni moja ya Dar es Salaam inawapa watu maswali kwenye kioo kilekile cheusi, na saa inahesabu pembeni. Ukishaanza huisimamishi hata nyumba ikiungua. Hayo yote alinieleza. Niliyasikia, lakini sikuyaelewa. Nilidhani ni kama tamthilia, mgeni akija unaisimamisha, akiondoka unaendelea.

Na ile posa ya Nasri, yule kijana mwalimu wa Pangani, nilikudokeza kwenye simu. Ukasema, "Muulizeni mwenyewe. Akiridhia, na mimi nimeridhia," simu ikakatika. Samiha nilipomgusia alisema, "Shangazi, tuzungumze baada ya mtihani." Hakukataa, hakukubali. Watu wa Nasri walikuwa waje Jumapili. Jumamosi asubuhi shangazi yake Nasri, Bi Najat, akanipigia: Jumapili wana hitima Muheza, kwa hiyo wanakuja leo leo. Ningefanyaje kaka? Mtu anakujia na heri umwambie rudi? Samiha sikumwambia, nisimvuruge akili. Nikafukiza udi, Mama Brightness jirani yetu akaja kunisaidia kukaanga sambusa.

Baada ya laasiri wakafika, Bi Najat na mjomba wake Nasri, Mzee Jumbe, ambaye ndiye mshenga. Wakala, wakasifu, wakaleta maneno yao kwa adabu. Mzee Jumbe akauliza baba mtu kasemaje. Nikamwambia kaagiza aulizwe binti. Akasema, "Ndiyo sheria. Kamuulize, sisi tunangoja."

Nikaingia chumbani. Yuko mbele ya kile kioo, ushungi kajitanda, midomo inamchezacheza. Nikamwambia, "Samiha mwanangu, watu wa Nasri wako ukumbini. Wamekuposa. Niwajibu nini?"

Kimya.

Nikarudia, taratibu. Kimya. Nikamwona chozi linamtiririka shavuni. Kaka, hata mimi nililia. Nikamkumbuka marehemu mama yake, nikasema leo angekuwepo! Wewe wajua tulivyofundishwa, mwanamwali akiulizwa akanyamaza, kimya chake ndiyo idhini yake. Sembuse kimya na machozi.

Nikatoka nikawaambia, "Amenyamaza, na machozi yamemtoka."

"Alhamdulillahi!" akasema Mzee Jumbe, na Fatiha ikasomwa. Kigelegele cha kwanza alikipiga Mama Brightness, yeye Mlutheri na Fatiha haijui, lakini kwa vigelegele hana mpinzani mtaa mzima. Halwa ikafunguliwa. Tumo katika shangwe hiyo, mlango wa chumbani ukafunguka kwa kishindo, Samiha huyo!

"Shangazi! Kijani! Yote ya kijani!"

Akawakuta wageni. Akasikia vigelegele, akadhani ni vyake, vya mtihani. Naye akapiga kimoja! Akambusu Bi Najat mkono, akamwamkia Mzee Jumbe, meno nje. Bi Najat akasema, "Jamani, mtoto ana furaha huyu! Mimi siku yangu nilijifungia bandani na kuku." Akamshika mkono, akamvisha pete.

Samiha akaitazama pete. Akanitazama mimi.

"Ya nini hii, Shangazi?"

Kaka, sauti ilinipanda. Nikasema, "Si nimekuja kukuuliza? Si umenyamaza?" Akaingiza vidole ndani ya ushungi akatoa pamba masikioni, huku na huku. Nyumba ya nyuma walikuwa na maspika ya shughuli yao, alikuwa amejiziba. Akasema kwa sauti ndogo, "Sikunyamaza, Shangazi. Sikukusikia." Na yale machozi? Swali la mwisho lilikuwa jekundu na saa inakwisha.

Sambusa iliyokuwa mkononi mwa Mama Brightness ilibaki hapohapo. Bi Najat ndiye aliyeanza: "Makubwa! Kumbe tumeposa kompyuta!" Samiha akaivua pete, akaiweka juu ya sinia kwa mikono miwili, kwa heshima, akabaki kasimama kichwa chini. Mzee Jumbe akasema Fatiha haipotei, ila idhini haijapatikana, pete ikae kwangu amana. Watarudi Jumapili ya mwisho ya mwezi kuchukua jibu, maana wanataka nikaha ifungwe mwezi wa Mfungo Tatu, baada ya Idi ya kuchinja. Bi Najat aliondoka bila kumalizia kahawa yake.

Tangu hapo nikisimama kuswali nayaona macho ya yule mtoto. Nilikuwa karibu kumwoza bila yeye kujua, kaka! Na dua tumeshaomba! Laiti ningemgusa bega tu. Nilimtazama usoni na kukiona nilichotaka kukiona. Mama Brightness ananifariji, eti hata malaika wangedanganyika na lile chozi. Sifarijiki.

Nasri alipiga simu jana. Nilijua atauliza pete. Akauliza mtihani, akasema, "Mpe hongera, Shangazi. Laiti ningejua ndio siku hiyo, ningewazuia."

Na leo asubuhi kampuni imemwandikia Samiha. Amepita. Wanamtaka Dar es Salaam aanze kazi mwezi ujao. Na watu wa Nasri wanataka mke wa kukaa Pangani. Hapo ndipo tulipo.

Jana jioni nilikaa naye, kompyuta imefunikwa, masikio wazi, nimemshika mikono yote miwili. Nikamuuliza upya. Safari hii hakunyamaza. Alisema, "Nina jibu, Shangazi, lakini nataka Baba aniulize. Tangu Mama afe hajaniuliza kitu chochote mwenyewe. Kila kitu ananiagizia kupitia kwako."

Kaka, ni kweli.

Kwa hiyo usiniandikie mimi, mwandikie yeye. Au Ijumaa panda huko kilimani unakosema mtandao unashika, umpigie, umuulize kwa mdomo wako kuhusu Nasri, na kuhusu Dar, halafu umsikilize mpaka mwisho. Atakalosema, liwe la ndiyo au la hapana, mimi nitalibeba mpaka Pangani na pete yao mkononi, na Bi Najat aseme atakalo.

Nisalimie Ernesti, mwenzako wa chumbani, mwambie dawa ya miguu nimempata mtu wa kumletea. Mama Brightness anakusalimu, na shemeji yako pia, kesharudi Kigombe. Mwenyezi Mungu akuhifadhi na hiyo mitambo ya barabara, akurudishe kwetu na afya yako.

Nakujua kaka, jambo likikuelemea huwa unanyamaza. Safari hii usininyamazie, maana kimya cha mtu sitakifanya jibu tena. Tafadhali jibu upesi, kabla ya hiyo Jumapili.

Ndimi dada yako anayekupenda,
Mboni