Mkono wa Kuume wa Feza

Jumatatu, 5 Mei
Magunia ya wachimbaji wa Mutoshi nimeyamaliza. Watayafuata kesho. Mgongo unauma.
Feza alishinda kwenye mkeka kando ya cherehani. Ana miezi saba, anakaa mwenyewe nikimwekea mto nyuma. Nilimpa kijiko cha mbao, akakipokea kwa kushoto. Nikakichukua nikakiweka upande wake wa kuume, karibu kabisa na mkono. Akajipinda kiuno kizima, akavusha mkono wa kushoto juu ya tumbo, akakifikia.
Ramazani alikuwa anakula. Alicheka mpaka akaacha tonge la bukari. "Ni wangu huyu," akasema. "Mushoto kama tata yake." Mume wangu anafunga nati za lori lake la Fuso kwa kushoto. Kula, anakula kwa kuume, kwa sababu alilazimishwa. Kule Kasongo, kwenye chuo cha Kurani, mwalimu alimfunga mkono wa kushoto kwenye benchi. Hasimulii sana. Leo alimbeba mtoto akazunguka naye uani, akiwaonyesha majirani.
Nilifurahi kumwona amefurahi. Lakini kwa nini mtoto ajipinde vile?

Alhamisi, 8 Mei
Nimemuogesha Feza. Kiganja cha kuume kinanuka maziwa yaliyochacha. Ngumi haifunguki yenyewe. Nilifungua kidole baada ya kidole, gumba limelala ndani. Nikasafisha, nikaachia. Ikajifunga tena taratibu.
Kiganja cha kushoto hakinuki.
Sikumwambia mtu.

Jumapili, 11 Mei
Mama mkwe amefika kutoka Fungurume, kwa wifi yangu. Atakaa hadi baada ya Idi. Nampenda na ninamwogopa, vyote pamoja.
Hakumaliza hata chai. Alimpa mjukuu kipande cha mkate, akaona mkono uliokuja. "Mukono ya kushoto ni ya kunawia chooni," akaniambia. "Mutoto anazoea mapema, tunamurudisha mapema."
Nilimwongezea chai.

Jumatatu, 12 Mei
Siku mbaya.
Nilienda kununua uzi. Kurudi, mama mkwe amemfunga Feza mkono wa kushoto kwa kitambaa cha kitenge, ameuzungushia kifuani. Si kwa ukali, hata kilikuwa kimelegea. Biskuti iko mbele yake. Mama mkwe anangoja mkono wa kuume uje.
Haukuja. Feza aliitazama biskuti. Bega la kuume likapanda kidogo, kiwiko kikakunjika, ngumi ikabaki ngumi. Kisha akaanza kulia.
Ramazani akaingia wakati huo huo. Sijawahi kumwona hivyo mbele ya mama yake. Alichukua mkasi wangu akakikata kile kitambaa. "Mutoto wangu habamufunge mukono," akasema. Mama mkwe akamjibu kwamba yeye mwenyewe alifungwa na hakufa. Ramazani akatoka, akakaa ndani ya Fuso mpaka jua likazama.
Wamegombana juu ya mkono wa kushoto. Mmoja anautetea, mwingine anaukataza. Ule wa kuume hakuna aliyeutazama.
Mimi niliutazama.

Jumanne, 13 Mei
Nilimjaribu. Nilimfunika uso kwa leso, akaiondoa kwa kushoto, akacheka. Nikamfunika tena, safari hii nimemshika mkono wa kushoto. Leso ikabaki usoni. Nikasikia anapumua chini yake. Nikaiondoa mimi.
Najichukia kidogo. Nimemfanyia mtoto wangu hila.

Ijumaa, 16 Mei
Siku ya kupima watoto. Foleni ndefu, mvua imeshakwisha na vumbi limeanza, watoto wote wanakohoa. Uzito wa Feza ni mzuri. Nilimwambia muuguzi habari ya mkono. Alikuwa na watoto wengi nyuma yangu. "Mama, iko mushoto tu," akasema. "Batoto ba vile banakuwaka na akili."
Nilitoka pale mwepesi. Nilinunua mandazi ya nyumba nzima. Niliimba nikishona.

Jumatano, 21 Mei
Wepesi umekwisha.
Mama Kapinga, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alikuja kurekebisha gauni. Mwanawe alizaliwa wiki moja na Feza. Nilimweka mtoto huyo mkekani karibu na Feza. Akachukua kifuniko cha sufuria kwa kuume, akakitia kushoto, akakirudisha kuume, akakigonga, akakitazama. Kitu cha kawaida kabisa. Mama Kapinga hata hakuangalia.
Nilishindwa kupitisha uzi kwenye sindano. Nilimwambia macho yanauma.
Na mguu pia. Leo nimeuona. Akirusha miguu, wa kushoto unapiga mkeka, wa kuume unaburuta.

Jumatano, 28 Mei
Nimemwambia Ramazani. Nilichagua vibaya, alikuwa anapakia. Nilisema: si kwamba anapenda kushoto, ni kwamba mkono wa kuume haufanyi kazi. Aliweka chini kreti aliyoishika. "Unataka mutoto akuwe mugonjwa sababu anafanana na mi?"
Nilisema hapana. Nikasema twende hospitali kubwa, tuulize tu. Akasema watoto wa ukoo wake wote walichelewa na vitu. Akasema maneno mengine ambayo siyaandiki.
Ameenda Likasi. Hakuaga.

Jumapili, 1 Juni
Amerudi. Tunaongea habari ya chumvi na sabuni tu. Anacheza na Feza kila jioni, upande wa kushoto, daima upande wa kushoto. Sijui kama anajua anachokifanya. Nadhani anajua.

Ijumaa, 6 Juni
Idi. Nyumba ilijaa. Shemeji zangu, wake zao, watoto wenye nguo mpya. Feza alipita mikononi mwa watu kama sahani. Kila aliyempa kitu alisema: ah, mushoto kama baba. Ramazani alicheka kila mara, lakini mwishoni alikuwa anacheka kwa mdomo tu.
Mama mkwe alimchukua baada ya chakula. Nilimwona akimtia mfupa mdogo katika mkono wa kuume. Ukaanguka. Akauokota, akamtia tena, akamkunjia vidole juu yake. Ukaanguka. Hakujaribu mara nyingine. Alikaa tu na ile ngumi ndani ya kiganja chake, watu wanaongea pande zote.

Jumamosi, 7 Juni
Asubuhi mama mkwe alikuja jikoni, akafunga mlango. Nilidhani amekuja kunigombeza kwa mboga ya sombe ya jana.
"Mwamini," akaniita kwa jina, "ile mukono haikatae. Haiweze."
Nililia hapo hapo, mwiko mkononi. Hakunibembeleza. Aliuliza tangu lini ninajua. Nikasema tangu harufu ya maziwa. Akasema Jumatatu tutakwenda hospitali, wawili, na mwanawe atajua tukisharudi.

Jumatatu, 9 Juni
Hospitali. Daktari wa watoto ni mwanamke, mdogo kuliko nilivyotegemea. Alimweka Feza kitandani akamtazama muda mrefu bila kumgusa. Kisha akamwinua kwa kifua, akamwinamisha mbele kwa ghafla, kana kwamba anamwangusha. Mama mkwe alishika mkono wangu. Mkono wa kushoto wa Feza ulirushwa mbele kujikinga. Wa kuume ulibaki umekunjwa pembeni.
Daktari akamrudisha kwangu. "Mutoto chini ya mwaka hachaguake mukono, mama. Anatumiaka yote mbili. Akichagua mapema, tunauliza ule mungine uko na nini."
Hakusema ni nini. Anataka picha ya kichwa, mashine iko Lubumbashi. Nilimuuliza kama ni kwa sababu niliumwa uchungu wa kuzaa muda mrefu. Akasema tusubiri picha.
Tusubiri. Neno hilo.

Jumanne, 10 Juni
Nilimpigia Ramazani, yuko njiani na mzigo. Nilimwambia yote kwa pumzi moja. Akakata simu. Nilipiga tena, imezimwa.
Ninamwazia barabarani na hasira ile, katikati ya malori ya shaba. Naogopa vitu viwili kwa pamoja na sijui niogope kipi kwanza. Mama mkwe anasali. Mimi ninashona magunia, mishono inakwenda ovyo.

Jumatano, 11 Juni
Bado simu imezimwa.
Alasiri Fuso ikaingia uani, tupu. Amempa mwenzake mzigo huko Fungurume. Alinipita mlangoni, akaenda moja kwa moja mkekani. Akajikunja mbele ya Feza, akamnyooshea kidole chake kwenye ngumi ya kuume. Akangoja. Nilihesabu pumzi zake kutoka mlangoni, kisha nikaacha.
Akasema bila kugeuka: "Tunaondoka kesho, tukishasali subui."

Ijumaa, 13 Juni
Lubumbashi. Jana tulishinda njiani. Feza alilala mapajani mwangu, vumbi kwenye kope.
Leo wamempa dawa ya usingizi, wakamweka kwenye mashine. Alionekana mdogo sana. Tulikaa kwenye benchi la nje. Ramazani aliniambia: "Mi nilimuona. Ile mukono, hata kabla yako. Nilisema ni mushoto sababu nilitaka akuwe mushoto." Sikuwa na hasira, sikuwa na huruma pia. Nilikuwa nimechoka.
Majibu: upande wa kushoto wa ubongo kuna kovu. Karibu na siku za kuzaliwa damu ilikosa kufika pale. Upande huo ndio unaoendesha mkono na mguu wa kuume. Daktari wa hapa alisema si uchungu, si chakula, si kitu nilichofanya. Hutokea. Kovu halikui. Halitaondoka pia. Atatembea, pengine kwa kuchelewa, pengine kwa kuchechemea. Mkono utahitaji kazi ya kila siku, na kazi ianze sasa maana ubongo bado unajifunza. Tumwangalie pia kama atapata degedege.
Ramazani alikuwa na swali moja tu. Je, bila kovu hili, angekuwa mushoto?
Daktari alifikiri. Akasema pengine. Hatutajua.
Ramazani akaitikia kwa kichwa, akatoka kununua maji. Alikaa sana huko.

Jumanne, 17 Juni
Kolwezi. Nimesoma ukurasa wa Ijumaa. "Si kitu nilichofanya." Nimeusoma tena. Kwa saa fulani ninaamini.
Majirani wameanza kuuliza. Mama mkwe anawajibu kisimani bila kupunguza sauti: mjukuu wangu ana mkono mgonjwa, anautibu. Wengine wanasema mchawi. Anawauliza ni mchawi yupi, wamtaje jina. Wanabeba ndoo zao.

Jumanne, 24 Juni
Siku ya kwanza kwa kine, mtaalamu wa mazoezi, kijana mpole mwenye viganja vikubwa. Alitufundisha kumvuta, kumgeuza, kumlaza upande, kumpa vitu vikubwa vinavyotaka mikono miwili. Mpira. Bakuli.
Kisha akatoa soksi. Kila siku, muda mfupi tu, wakati wa mchezo, tumvishe kwenye mkono wa kushoto. Wa kuume upate nafasi. Akianza kulia sana, tuvue.
Ramazani alisimama akatoka.
Nyumbani nilimwomba anisaidie. Akasema kazi nyingine yoyote, si hiyo. Nikamgeukia mama mkwe. Akasema kitambaa kile cha Mei bado kinamkaa kooni, hawezi kumfunga tena. Basi imekuwa kazi yangu.

Jumapili, 29 Juni
Soksi. Feza ananitazama kana kwamba nimemwibia. Ninaimba, ninagonga kopo, ninafanya sura za kijinga. Ngumi inasogea kidogo, inagusa kopo, kopo linabingirika. Analia. Navua. Nje Ramazani anagongagonga Fuso ambayo haina ubovu wowote.
Sina mtu wa kumwambia kwamba leo nilitaka kumwachia mtu mwingine mtoto huyu, kwa muda kidogo tu. Nimeandika hapa, basi.

Alhamisi, 3 Julai
Leo wakati wa soksi mlango ulifunguliwa. Ramazani. Mkono wake wa kushoto ameuvisha soksi, ile kubwa nyeusi ya baridi. Akakaa mkekani mbele ya bintiye, akachukua kopo kwa kuume, akaliangusha makusudi. Akalichukua tena. Mkono ule anautumia vibaya kwa kila kitu isipokuwa chakula, nilikuwa sijui.
Feza alimtazama sana. Alisahau kulia. Kisha akaisukuma ngumi yake mbele, taratibu, na kidole kimoja kikafunguka juu ya kopo. Kimoja. Kikajikunja tena.
Mama mkwe alikuwa dirishani. Alijifunika uso kwa mtandio.

Jumapili, 20 Julai
Baridi. Mama mkwe amerudi Fungurume na gari la asubuhi. Ramazani ameenda Mutshatsha kupakia makaa, atarudi kesho. Nyumba kimya.
Asubuhi tulifanya mazoezi, mafupi. Mguu ni mzuri kuliko mkono. Mkono ni vile vile, au kidogo zaidi, inategemea siku na inategemea mimi.
Adhuhuri jua lilifika kwenye kibaraza. Nilitandika blanketi, nikamlaza Feza juu yake, nikalala kando yake. Alikuwa anaongea na paa la bati, maneno yake mwenyewe, marefu. Kando yake kulikuwa na jani moja kavu lililopeperuka kutoka uani kwa Mama Kapinga. Sikulisogeza huku wala kule. Sikuangalia mkono upi utakwenda.
Leo sikumjaribu. Tulilala wote wawili mpaka kivuli kikatufikia.