Waya kwenye Choki

Mwanangu kitindamimba,

Sisi wazima, kuku wanataga, ila gari la baba yako limegoma. Likiwashwa linatoa moshi mweusi, linanuka petroli, kisha linazima. Baba yako anasema ni choki, kile kibati cha kabureta kinachozuia hewa injini ikiwa baridi.

"Limezeeka, mke wangu, tutembee tu."

Yeye, ambaye hata dukani haendi kwa miguu! Nikajua kuna mwanamke, hataki tena nionekane garini mwake.

Jana alipokwenda kwa kinyozi nikamwita fundi. Akafungua boneti, akacheka.

"Mama, choki nzima hii. Kuna mtu amekifunga kibati kwa waya kisifunguke."

Waya wenyewe ni ule uliobaki baba yako alipotengeneza banda la kuku. Nikamwambia fundi auache hapohapo, nikakaa kumsubiri mume wangu, maneno yangu tayari mdomoni.

Akarudi, akajimiminia chai. Ikamwagika mezani, pembeni ya kikombe, naye akaendelea kumimina. Nilichukua kitambaa nikafuta.

Usimwambie nimejua. Mpigie umwombe hilo gari, useme unalihitaji sana. Wewe hakunyimi kitu, na atalitoa bila aibu. Hospitali ya macho niachie mimi. Nitasema ninayeumwa ni mimi, anisindikize.

Ni mimi mama yako. Afadhali angekuwa mwanamke.