Meno Yako, Atupele

Mjukuu wangu Atupele, ugonile?

Uliniuliza vigamba vya kauri utakavyobandikwa kwenye meno yako viwe vinene vizibe mwanya, au vyembamba vifunike madoa tu. Jibu nimelipata huku Ikombe, kijijini nilikozaliwa. Niliposhuka mtumbwini, baada ya miaka yote hii, wanawake wafinyanzi walinisalimia kama mgeni, hata dada yangu Sekela. Nikacheka kwa aibu.

“He! Mwanya wa mama huo!” Sekela akapaza sauti. “Ndiyo umezeeka hivi, wewe?” Akanikumbatia, mikono yake imejaa udongo.

Chagua vyembamba, mwanangu, mwanya uachwe. Siku utakayofika hapa bila mimi, wewe cheka tu. Watakujua.

Ndaga kwa kuniuliza mimi kwanza.

Bibi yako akupendaye