Njia ya Ng'ombe

Ndaki pokea simu!! Nimepiga mpaka nimechoka.

Ile picha uliyonitumia mchana nimemwonyesha ba'mdogo Lyamba hapa Nsemulwa. Nilikuwa najisifu tu, kwamba kesho tunaingia hifadhini kwa miguu na mabegi mgongoni kama wazungu. Nikamwambia umetangulia Sitalike, umeshapiga hema kwenye njia ya ng'ombe, safi, kando ya mto.

Akacheka. Halafu akaikuza picha.

"Ng'ombe wa nani?"

Nikasema ni wa watu wa pale pale. Akauliza tena, taratibu kabisa: "Scola, mavi yao yako wapi?"

Nimeiangalia ile picha, Ndaki. Hakuna mavi. Hakuna hata bonge moja!

Unamkumbuka kaka yake ba'mdogo, Masanja, tunayeambiwa siku zote alipotea na mifugo mwaka tisini na sita? Hakupotea. Ba'mdogo alikuwepo. Walilala kwenye njia kama hiyo hiyo, na Masanja hakuamka.

Kaniambia hivi: "Sisi Wasukuma tukiona njia laini tunajua ni ng'ombe, watu wako karibu, tunalala bila wasiwasi. Lakini hiyo ya kwenye picha ni ya kiboko. Giza likiingia anatoka majini kwenda kula, na njia yake haiachi kwa ajili ya mtu."

Sasa amekaa, ameshika fimbo yake.

Ndaki, ulisema umechoka, utalala mapema.

Jua linazama huku.

Hamisha hema.

Mbona tiki bado ni moja?