Fishi Mbili, Mutu Mumoja

Mama,

"Mama yako alituachia vurugu iliyofungwa kwa uzi." Ndivyo fundi wa kompyuta alivyosema mbele ya wauguzi wote wa kituo chetu cha afya hapa Kasuku, kisha akacheka. Mwongo! Vurugu ni yake.

Misimu miwili ya mvua imepita tangu tukuzike, na sasa mafundi wamekuja na mashine zao. Sizichukii mashine. Ninachochukia ni mtu anayekuja kubadilisha kazi ambayo hajawahi kuitazama ikifanywa. Walipiga picha kabati lako la fishi, zile kadi za wagonjwa, wakapima meza, wakanywa chai na mkuu wa kituo. Dirishani, pale ulipokaa miaka yote ile ukiandikisha wagonjwa, hakuna aliyeketi hata asubuhi moja. Mama Riziki, uliyemfundisha kazi, hawakumwuliza neno.

Wangemwuliza, angewaambia. Wakati wa vita watu walitoka porini na majina mapya, kwa sababu jina la baba lingeweza kumwua mtu penye barieri, kizuizi cha askari barabarani. Nakukumbuka umeinama dirishani, sauti chini: "Jina ya barieri uachie barieri. Mama yako alikuitaka nani?" Kisha unatafuta fishi ya zamani, unaifunga na mpya kwa uzi wa gunia. Ukaniambia: "Fishi mbili, mutu mumoja. Ukikata uzi, umemukata mutu."

Wameukata, Mama. "Zimejirudia," walisema. Mpya wakaiingiza kwenye mashine, ya zamani wakaitupa guniani.

Mwezi uliopita mama mudogo Sakina, mdogo wako wa tumbo moja, alishikwa na homa hata kusema hakuweza. Ni mimi niliyemvusha mto kutoka Alunguli. Nikataja Feza, jina lake la vita, maana ndilo tulilolizoea. Mashine haikuwa na onyo lolote. Wakamdunga penisilini. Onyo lako kwamba penisilini inamdhuru, kwa mwandiko wako mwenyewe, lilikuwa guniani, kwenye fishi ya Sakina. Uso ukavimba, pumzi ikakatika, ikarudi kwa shida.

Amepona. Lakini ukimwuliza jina lake sasa, anafunga mdomo. Na mimi, mtoto wako mwenye maneno mengi, ni mimi niliyelitamka lile jina... Nisamehe.

Jumatatu wanataka kuyachoma magunia. Hawatayakuta. Yako nyumbani kwako, nimeyakalia ninapoandika. Pumzika, Mama. Kiberiti chao hakitafika hapa nikiwa hai.

Na ninyi, mkuu wa kituo na mafundi wako, barua hii naibandika mlangoni penu ili msiseme hamkuambiwa. Zimeni mashine. Ketini dirishani na Mama Riziki siku tatu za soko, watu wakiwa wengi. Tazameni, ulizeni, nyamazeni. Kisha njoni kwangu mfunge upya kila uzi mliokata. Anzeni na wa Sakina.