Kitunguu cha Marehemu

Jumatatu, 4 Machi

Mmea wa shangazi umenifia mikononi. Ule wa kwenye tangi la samaki sebuleni, wenye majani marefu ya kujikunja pembeni kama riboni. Jani moja lilipogeuka njano nikasema uzee huo. Leo la mwisho limeng'oka lenyewe. Kimebaki kitunguu chake tu, lile shina nene la chini, kwenye changarawe — cheusi, kibaya kama kisigino changu. Nimekitupa kwenye pipa la taka kisije kikanuka.

Shangazi yuko hospitali, kapasuliwa nyonga. Kaniachia kazi moja tu: tangi. Mmea aliupanda marehemu mumewe. Huwa anasema ndicho kitu cha marehemu kilichobaki hai.

Anarudi Jumapili. Nitatafuta mwingine. Mimi niliyeuza miavuli kiangazi, nishindwe na kitunguu?

Jumatano, 6 Machi

Nimeshindwa na kitunguu.

Maduka ya samaki wa mapambo nimeyamaliza. Mimea ya plastiki tu. Muuzaji mmoja kaniuliza nataka cha kukaanga au cha kachumbari. Nimecheka naye, moyoni nalia. Mwingine kasema aina hiyo haiji siku hizi, na mwenye nayo hauzi. Labda umrithi.

Mwishowe nimefika kwa fundi redio wa nyuma ya stendi. Wanamwita Mapezi, nyumba yake imejaa matangi ya samaki, mke kabaki na kona ya kulala. Ana vitunguu vitatu kwenye kopo la mchanga mbichi. Kanipa kimoja. Nikamuuliza ndiyo aina yenyewe? Kasema kitunguu ni kama kichanga, wote sura moja, ngoja jani. Na nisikizike chote, kichwa kibaki nje, la sivyo kinaoza.

Nimerudi nikakipanda palepale ulipokuwa ule wa marehemu. Samaki wananitazama kama mashahidi.

Jumapili, 10 Machi

Shangazi karudi. Hajakaa, hajavua mtandio, moja kwa moja kwenye tangi na mkongojo wake. Mimi nyuma yake, jasho mpaka magotini. Nilikuwa na uongo wa aina tatu, mmoja una paka.

Akasema, umelala.

Nikauliza nani.

Mmea, mwanangu. Kila mwaka unapukutisha majani, unalala, halafu unaamka. Sikukwambia? Haya madawa yamenisahaulisha. Afadhali hukuugusa.

Akanishika shavu.

Nimetoka mbio hadi kwenye pipa. Tupu. Gari la taka lilipita Ijumaa, na pipa nililitoa mimi mwenyewe, napiga mluzi.

Jumatano, 13 Machi

Kimechipua. Nimechungulia kwa tochi ya simu. Kajani kekundu, ka mviringo kama kifungo cha shati. Riboni hamna.

Nimempelekea Mapezi picha. Kajibu: hongera, hilo yungiyungi, ua la bwawani.

Hongera!

Nimembembeleza anitafutie ule wenyewe. Kasema kuna mtu mji wa pili huwa anaugawa ukizaa, atamuuliza. Labda. Hiyo labda ndiyo ninayolalia.

Ijumaa, 15 Machi

Shangazi kahamishia kiti mbele ya tangi. Chai anaywea hapo. Anaongea na yale maji polepole, kwa sauti ileile aliyokuwa anaongea nayo na mumewe wakila. Macho yake bila miwani ni ukungu, anaona tu kuna kitu kimesimama. Kinamtosha. Kampigia jirani, umeamka, njoo uone, hata nyonga leo haiumi.

Mapezi bado hajaleta jibu la yule mtu.

Nimejaribu kusema. Nikaanza, shangazi… Akanionyesha nikae, akasema usiongee kwa nguvu, tazama kwanza.

Nimekimbilia jikoni, naandikia juu ya friji. Mtu nimeuza saa zisizotembea na wateja wakanishukuru, leo maneno mawili yamenikwama.

Ananiita. Mwanangu, hebu niletee miwani niuone vizuri.

Nimejibu naitafuta.

Iko mfukoni mwangu tangu asubuhi. Kiti kimelia. Nasikia mkongojo kwenye sakafu — anakuja kunisaidia kuitafuta.